Bado Vifungo Tu

Ukipeleka kitambaa kwa fundi, siku ya kuchukua nguo ikafika, kisha fundi akakutazama machoni, akatabasamu na kukwambia, "Bado vifungo tu," wewe elewa jambo moja: nguo yako haijakatwa. Kitambaa kiko vilevile ulivyokiacha, kimekunjwa, na pengine kimelaliwa na paka. Mafundi wanaijua lugha hiyo na wateja wanaijua pia, lakini ajabu ni kwamba kila mtu hujibu, "Basi nitapita kesho," akaenda zake kwa amani. Sijui nani aliyeturoga.

Sasa, katika mafundi wote waliowahi kuitamka kauli hiyo, hakuna aliyemfikia baba yake Kifungo. Mzee yule aliitamka kwa utamu kiasi kwamba mteja aliyekuja amevimba kwa hasira alijikuta akimuuliza habari za watoto. Alimwambia hivyo mama aliyeleta gauni la zipu, gauni ambalo halikuwa na kifungo hata kimoja. Aliwahi kumwambia hivyo mtu aliyeleta mapazia, na yule mtu akaitikia. Mtaa mzima ukampa jina la Bado Vifungo, na binti yake wa pekee, aliyekua chini ya meza ya kukatia huku akichezea vipande vya bitana, akaitwa Kifungo. Baba mtu alilipenda jina hilo. Kwake yeye kifungo kilikuwa kitu kizuri, kitu cha mwisho kuwekwa kwenye nguo iliyokamilika, ingawa mwenyewe hakufika huko mara nyingi.

Kifungo naye alilizoea jina. Alichoshindwa kukizoea ni mlango. Mzee alipozidiwa hakutoka mwenyewe, alimtuma mtoto. Ikisikika tu sauti ya mteja inapiga hodi, baba alijibanza nyuma ya pazia na mkasi mkononi, hapumui, na mtoto mwenye nyuzi kila mahali kwenye gauni akasimama kizingitini kusema, "Baba anasema bado vifungo tu." Wapo waliompapasa kichwa wakaondoka. Wapo waliomkazia macho yeye, mtoto wa watu, utadhani ndiye aliyetafuna kitambaa chao. Aliona aibu, tena aibu ile haikumtoka hata alipokuwa mkubwa.

Halafu kuna habari ya sare. Kifungo alipokaribia kuanza shule, baba alinunua kitambaa mapema kabisa, akampima kwa mbwembwe zote, bega, kiuno, urefu, akamwambia atang'aa kuliko watoto wote. Mtoto akawa anauliza kila asubuhi. Jibu mnalijua. Siku ya kwanza ya shule alikwenda na sare ya kuazima ya binti wa jirani, ndefu hadi kwenye vifundo vya miguu, imekunjwa kiunoni na kufungwa kwa kipande cha bitana ili isianguke. Sare yake mwenyewe ilipokuja kukamilika, haikumwingia. Ilikuwa imeshambana makwapani.

Basi akakua. Na kwa kuwa damu si maji ya kumwaga, naye akawa fundi. Aliajiriwa kwenye kiwanda cha nguo, akapangiwa kola. Hakushona mkono, mfuko wala pindo, alishona kola peke yake, kutwa nzima, mwaka ukaisha na mwingine ukaingia. Alipoacha kazi na kuwaambia watu kwamba anafungua duka lake mwenyewe, walimuuliza sababu, akasema amechoka kushona shingo za watu asiowajua.

Kabla ya kufungua alihudhuria semina ya wanaoanza biashara, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na feni iliyozunguka kwa kujivuta. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja mpole wa sauti, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Siku ya mwisho aliwaambia waache kwanza hesabu na masoko. Kila mmoja asimame, ataje lengo lake binafsi, yaani yeye kama mtu anataka kuwa mtu wa namna gani ndani ya hiyo biashara yake. Mwenye banda la kuku akasema anataka kuitwa bosi. Mwenye kufyatua matofali akataja gari, hadi rangi yake. Ikafika zamu ya Kifungo, akasimama.

"Katika duka langu," alisema, "hakuna mtu atakayeambiwa bado vifungo tu."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, maana hapakuwa na mtu mle ndani asiye na suruali yake mahali fulani kwa fundi fulani. Walipiga makofi, wengine wakasimama. Mwezeshaji mwenyewe alicheka hadi akafuta miwani. Lakini kelele zilipotulia alimwambia taratibu kwamba hilo ni jema, tena wateja watalifurahia, ila yeye mwenyewe na watu wake je, wamewekewa nini? Kifungo akajibu kwamba ni kitu kilekile. Mama yule akatikisa kichwa kama mtu asiyetaka ubishi, akamwita anayefuata.

Duka lilifunguliwa kwenye chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Cherehani moja, meza ya kukatia, pasi, benchi la wateja, na rafu ukuta mzima. Siku ile ya kwanza baba yake alikuja ameshikwa kiwiko na dada yake, yaani shangazi yake Kifungo, aliyekuwa akiishi naye tangu mama mtu afariki. Mzee alikuwa na furushi kwapani. Alikaa kwenye benchi, akalifungua kidogo upande mmoja tu, akaonyesha kitambaa cha suti, buluu iliyokolea, cha zamani, cha aina isiyochakaa hovyo.

Alisema alikinunua wakati Kifungo akiwa mdogo, kwa ajili ya koti lake mwenyewe. Amewashonea makoti mabwana wa kila namna, waliomlipa na waliomkimbia, na yeye hajawahi kuvaa koti lililopimwa mwilini mwake. Kisha akaeleza la daktari. Ni presha ya macho. Jicho moja limeshafunga kabisa, na la pili linapoteza pembeni, sasa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kifungo. Na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Dawa zinachelewesha tu, hazirudishi kitu.

"Nataka unishonee wewe," alisema. "Na nataka nilione. Mimi sina haraka, mwanangu. Macho ndiyo yenye haraka."

Kifungo alipiga magoti pale pale, akalipokea furushi kwa mikono miwili, akamwambia kwamba hilo ndilo la kwanza kabisa, ataanza nalo wiki hiyohiyo. Alilisema kwa moyo wote. Akaliweka rafu ya juu ambako vumbi halifiki.

Hapa nieleze jinsi alivyofanya kazi. Kila kitambaa kilichoingia dukani kilibanwa kwa pini karatasi ndogo yenye jina la mwenyewe na siku ya kuchukua. Kazi ilipangwa kwa karatasi hizo, ya siku za karibu chini, ya siku za mbali juu, naye hakushika kitambaa kisicho na karatasi. Furushi la baba hakulibana karatasi. Ya nini? Nani anamwandikia baba yake mzazi karatasi kama mpita njia? Huyo ni wa nyumbani.

Watu walikuja kujaribu bahati, wakashangaa. Aliyeambiwa Jumatano, Jumatano alikuta nguo imepigwa pasi inaning'inia. Wengine walichanganyikiwa kabisa. Bwana mmoja alikuja siku aliyopangiwa bila nia ya kuchukua nguo, alikuja tu kusikia uongo kama kawaida, na alipokabidhiwa suruali hakujua afanye nini na mikono yake. Habari zikaenea kwamba kuna fundi ana tarehe, na tarehe yake ni tarehe kweli. Wakaanza kumwita Fundi Tarehe. Alipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alifunga mlango wa duka kidogo akacheka peke yake. Binti wa Bado Vifungo, leo anaitwa Tarehe.

Ila tarehe hazijitimizi zenyewe. Zilitimizwa na mgongo wake. Alianza kuruka chakula cha mchana, akaja kuacha kwenda kwa baba siku ya Jumapili, kwanza mara moja, halafu ikawa ndiyo desturi. Kila wiki aliitazama rafu ya juu akasema wiki ijayo. Wala tusimwite mbaya, kila mara alimaanisha. Lakini vitambaa vyenye karatasi vilikuwa na sauti, na kile kisicho na karatasi kilikaa kimya.

Mzee hakumsumbua. Alikuwa akiuliza kwa mbali, mafundi wanavyojua kuuliza. Mara alimpigia simu kutaka kujua kama bitana nyeusi bado inapatikana. Mara alimuuliza siku hizi watu wanapenda mifuko ya namna gani. Kifungo alimjibu haraka haraka, simu imebanwa begani, mguu unakanyaga cherehani. Shangazi ndiye asiyejua kuzunguka. Alipita dukani siku moja, akaukagua ukuta wa karatasi, akamkagua na mpwa wake alivyokonda.

"Wenzako wakianza biashara hufungua," alimwambia. "Wewe umejifunga. Hebu niambie, Kifungo, hiki kifungo chako ni cha miaka mingapi?"

Walicheka wote wawili. Shangazi alipoacha kucheka alisema kwamba mzee sasa anamimina chai nje ya kikombe. Kifungo akasema wiki ijayo, na safari hii hata yeye aliisikia sauti yake ikiwa nyepesi mno.

Wiki hiyo ijayo benchi lilijaa. Mtu amekuja kupimwa, mwingine kuchukua, mwingine amesimama na mtoto anayelia. Kifungo alikuwa amepiga magoti akipandisha pindo la gauni likiwa mwilini mwa mwenyewe, midomo imeshika pini. Baba yake akatokea mlangoni, Shangazi pembeni yake. Alikuwa amenyoa ndevu vizuri na kuvaa shati safi, kama mtu anayekwenda kupimwa nguo.

Hakuingia. Alisimama kizingitini, kichwa amekigeuza upande ili lile jicho moja limpate binti yake, akauliza kwa adabu kabisa, kama mteja, "Fundi, koti langu vipi?"

Kifungo akainua uso. Na maneno yakatoka yenyewe, laini, tabasamu juu.

"Bado vifungo tu, baba."

Watu wa kwenye benchi hawakuona kitu. Walikuwa wakilisikia jibu hilo maisha yao yote. Lakini Shangazi alitazama chini, na mzee akabaki amesimama, midomo ikimcheza kidogo. Kisha alicheka kwa puani, bila ubaya.

"Basi vizuri, mwanangu," alisema. "Nitapita kesho."

Akageuka, na bega lake likagonga fremu ya mlango ambayo hakuiona. Shangazi akamdaka mkono. Kifungo aliwatazama wakishuka barabarani polepole, pini zingali midomoni.

Aliwahudumia waliokuwepo, kwa sababu walikuwepo. Benchi lilipobaki tupu alipanda kwenye kiti, akalishusha furushi, akalikunjua mezani kwa mara ya kwanza tangu alipokabidhiwa. Ndani kabisa, katikati ya mikunjo, kulikuwa na kipande cha bitana kilichofungwa fundo. Alikifungua. Vilikuwa vifungo vya pembe, vyeusi, vikubwa vya mbele na vidogo vya mikononi, vimesuguliwa vinang'aa, na pamoja navyo sindano na kigurudumu cha uzi wa buluu ileile. Mzee alikuwa ameviweka mle miaka mingi iliyopita. Katika koti zima, kitu pekee kilichokuwa tayari kilikuwa vifungo.

Kifungo akakaa sakafuni akalia. Alilia vibaya, kilio cha kitoto, cha kamasi. Na katika kulia huko ndipo alipojielewa. Miaka yote alidhani kilichomuumiza ni ule uongo mlangoni, kwa hiyo alipoanza biashara yake akaapa kutowadanganya wateja. Wateja hawakuwahi kumliza yeye. Kilichomliza ni sare. Ni kuwa mtu wa ndani, ambaye siku zote anaweza kungoja. Alikuwa ameufunga mlango wa mbele kwa kufuli kubwa, akauacha wa nyuma wazi, na jambo lilelile likaingia na kukaa.

Alipojifuta uso alitafuta karatasi, akaandika "Baba," akaandika "Ijumaa," akaibana kwa pini kwenye kile kitambaa. Kisha akatazama rafu aone ni nani atakayeumia, maana lazima yupo. Alikuwa Mama Saluni.

Mama Saluni alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, mteja wake mkubwa na mtangazaji wake wa bure, kwani kila kichwa alichokisuka alikipakia pia sifa za Fundi Tarehe. Alikuwa akifungua saluni ya pili, na wasichana wake wote walihitaji aproni mpya siku ya ufunguzi. Siku hiyohiyo, Ijumaa. Kitambaa chake kilikuwa bado kimekunjwa. Kifungo alikibeba, akavuka barabara, akamkuta anasuka.

"Sijakata," alimwambia. "Na sitawahi Ijumaa. Nimekuja kukuambia mapema."

Chanuo lilisimama hewani. Mama Saluni alimtazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha ngeni. Alisema, mbona hata fundi mwongo angemwambia bado vifungo tu, naye akalala usingizi wake vizuri hadi Alhamisi. Kifungo akajaribu kueleza habari za koti na macho. Mama Saluni hakuwa mtu mbaya, macho yalimgusa, alisema pole na ilikuwa pole ya kweli. Lakini alikuwa na ufunguzi. Alikichukua kitambaa chake, akakiweka chini ya kioo kwa ajili ya kukipeleka kwa fundi mwingine, akarudi kwenye nywele za watu.

"Nami nilikuwa nakutangaza," alisema bila kugeuka. "Kumbe ni mtoto wa Bado Vifungo kweli."

Liliuma jambo hilo, wala tusidanganyane. Kifungo alivuka barabara na masikio ya moto. Aproni zile zingemlisha mwezi mzima, na mdomo wa Mama Saluni ulikuwa na thamani kubwa kuliko aproni. Alisimama dukani kwake akifikiria kurudi kuomba radhi na kukichukua kitambaa. Halafu akachukua furushi, mkasi, chaki na futi kamba, akafunga mlango jua likiwa bado juu.

Alimkuta baba chumbani kwake, amekaa karibu na dirisha. Cherehani yake ya zamani ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote, imefunikwa shuka, na juu ya shuka redio. Alimsalimu, akaketi miguuni pake, akamwambia bila kuzunguka kwamba hakuwa amekata. Hata kukikunjua hakuwa amekikunjua.

"Najua," alisema mzee. "Maneno hayo niliyatunga mimi, utanifundisha maana yake?"

Kifungo alitaka kucheka ikashindikana. Mzee akamtafuta kichwa kwa mkono, akakipata. Akasema alikuwa akiogopa sana kumwona mtu akitoka mlangoni kwake na uso umeshuka. Neno hapana halikuwahi kumtoka, alikubali kila kitambaa kilicholetwa. Akawa anawapa wa nje ahadi na wa ndani anawapa subira, akidhani wa ndani wataelewa. Kidole chake kikapapasa nywele za binti yake.

"Ile sare yako," alisema. "Ninaiona hadi leo. Ninaiona vizuri kuliko ninavyokuona wewe hapa."

Kifungo hakujua kwamba baba anaikumbuka. Miaka yote hawakuwahi kuitaja. Aliushika ule mkono uliokuwa kichwani kwake, akaubana shavuni. Kisha mzee akasimama, akanyoosha mabega, akatanua mikono kidogo kama mabwana wote aliowapima maishani mwake, akasema haya, fundi, pima.

Alikuwa amepungua. Futi kamba ilimzunguka kifua ikabaki nyingi mkononi. Kifungo aliita vipimo kwa sauti, mzee akavibishia kimoja baada ya kingine, akidai yeye si mwembamba namna hiyo, futi ya siku hizi ndiyo imevutika. Walishusha redio, wakaondoa shuka, wakatia mafuta cherehani ya zamani, ikakohoa kidogo kisha ikakubali. Kifungo alitaka koti lishoneke palepale, mbele ya jicho lile, hatua kwa hatua.

Basi wiki ile ikawa kila alasiri anafunga duka na kwenda kwa baba. Wateja waliokuta mlango umefungwa walinung'unika, wengine wakahama, wengi wakarudi asubuhi yake. Nguo mpya alizipokea chache, na aliyeleta ya kubana siku aliambiwa hapana usoni. Nyumbani mzee alisogeza kiti hadi pua ikaribie kugusa sindano, akakagua kila mshono.

"Hapo begani umekimbia," alisema. "Fumua."

Akafumua. Shangazi alipita na kusema kwamba haya ni maajabu, mtu ambaye hajawahi kumaliza hata foronya anamfumulisha mwenzake koti. Mzee akamjibu kwamba kufumua ndiko alikokujua zaidi.

Katikati ya kazi hiyo mwezeshaji wa semina alipiga simu, kama alivyowapigia wote, kujua malengo yamefikia wapi. Kifungo alimwambia ukweli: lile alilolitaja ukumbini lilikuwa la kumsuta baba yake, ingawa lilipigiwa makofi. Sasa ana jingine dogo. Watu wa nyumbani nao wana karatasi zao na pini zao, na siku yao ikifika haisogezwi na mtu, awe Mama Saluni au nani. Mama yule akamuuliza kama na yeye mwenyewe ana karatasi. Kifungo akasema hilo bado, ila yuko karibu. Wakacheka.

Ijumaa ilifika. Kifungo alipiga pasi ya mwisho, akalishika koti kwa mabega, akalisimamisha kwenye mwanga wa dirisha. Mzee alilisogelea. Hakuweza kuliona lote kwa mara moja, tundu lake halikutosha, kwa hiyo alilisoma kipande kwa kipande: kola kwanza, halafu bega lile lililofumuliwa, mfuko, ukingo wa mkono, bitana ndani, pindo. Alichukua muda wake. Alipofika mwisho akarudia tena kuanzia juu. Kifungo mikono ilimuuma kwa kulishikilia, lakini hakusogea.

"Nimeliona," alisema mzee. "Kola hii ni ya mtu aliyeshona kola."

Kisha akaomba vifungo. Kifungo akasema ataviweka yeye, ni dakika chache tu. Mzee akasema hapana, na ilikuwa hapana safi kabisa, kama ya mtu aliyeizoea toka zamani. Akaketi, koti likalazwa mapajani mwake. Binti akatia uzi kwenye sindano, akampa. Mzee alifumba jicho, maana kwa kazi hiyo vidole vilikuwa vinaona vyenyewe, akaanza na kile cha juu.

Shangazi akaita kutoka jikoni kwamba chakula kinapoa, na je, hilo koti limekwisha au ndiyo mambo yaleyale?

"Bado vifungo tu," alijibu mzee.

Kelele za sufuria zikakoma. Shangazi alikuja hadi mlangoni na mwiko mkononi, uso tayari umekunjwa kwa kusema neno. Akaliona koti. Akaiona mikono yote miwili ya koti, kola, mifuko, bitana, na kaka yake ameinama akivuta uzi wa buluu kwenye kifungo cha pembe. Alitazama huku na huku kutafuta kilichobaki zaidi ya hicho, akakikosa. Akaketi kitandani taratibu, mwiko mapajani, akajifuta macho kwa kiganja.

Mzee alizungusha uzi shinani mwa kifungo, akakaza, akakata kwa meno. Akapapasa chini mahali pa kile kinachofuata.

"Leta cha pili," alisema, na Kifungo akatia uzi mwingine.